Sindano Ilikuwa ya Arlin

Mama mkwe wangu alinipigia simu Jumatano, saa nne asubuhi, baada ya miezi mitano ya kunipita mlangoni pa kanisa kana kwamba mimi ni nguzo.

"Marlis, mwanangu," alisema.

Niliitoa simu sikioni nikaangalia namba. Ilikuwa yake. Agatha Hiebert, mwanamke aliyenikuta hospitalini na kichanga kifuani akaniuliza nitaweza kujaribu tena lini, leo ananiita mwanawe. Nikajua kuna kitu anakitaka.

"Abee, Mama."

"Nasikia kuna kamoja kamebaki kule Winnipeg. Kwenye friza ya madaktari."

"Kapo."

"Na Rosella ananiambia hako kalilelewa siku tano kabla ya kugandishwa. Si siku tatu kama kale ka kwanza."

Kale ka kwanza kana jina. Anaitwa Karis, ana miaka minne, ana macho ya baba yake na kiburi cha bibi yake. Lakini niliuma ulimi, maana nilitaka nione huyu mama anaelekea wapi.

"Ni kweli, Mama. Siku tano."

Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. "Basi Jumapili njooni faspa, tunywe kahawa ya alasiri pamoja. Arlin atakuwepo. Mwanaume mwenyewe amekonda, anashindia mikate na soseji baridi. Ya nyuma tuyasahau, mwanangu."

Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilijikuta nacheka peke yangu jikoni, na kicheko chenyewe hakikuwa cha heri.

Mimi na Arlin tulihangaika miaka sita kutafuta mtoto. Mwishowe tukaenda kwa madaktari Winnipeg, wakatupima wote wawili. Mayai yangu yalikuwa machache lakini hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa Arlin. Akiwa na miaka kumi na saba aliugua matubwitubwi, ugonjwa ukamshuka mpaka kule kunakojulikana, na tangu hapo mbegu zake zikawa chache na goigoi. Haziwezi kulifikia yai zikaingia zenyewe. Daktari akasema dawa yake ni kuchukua mbegu moja na kuidunga kwa sindano ndani ya yai. Tukapata viinitete viwili. Kimoja kilirudishwa tumboni mwangu siku ya tatu, ndiye Karis. Cha pili kiliachwa maabara mpaka siku ya tano, kikakua vizuri, kikagandishwa.

Siku tuliyopewa majibu, Arlin alilia ndani ya pikapu. Sikuwahi kumwona akilia. Alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma.

"Mama asijue, Marlis. Baba asijue. Nitakuwa kichekesho cha ukoo mzima."

Nilimpenda mno siku ile. Nikamwambia siri yako ni yangu. Watu walipouliza, nilisema mwenye shida ni mimi, na sikuona ubaya wowote. Mtu ukipenda unabeba.

Akazaliwa Karis, na huko kwa akina Hiebert nyuso zikakunjwa. Kwenye ghala lao la nafaka kumeandikwa HIEBERT NA WANAWE, kwa herufi unazozisoma ukiwa bado barabara kuu. Vizazi vitatu vya wanaume vimelima pale, na Arlin ndiye mtoto wa kiume pekee. Kisha Rosella, binamu yake Arlin, anayepokea wagonjwa kwa daktari wa meno mjini Altona na kwa hiyo ndiye tabibu wa ukoo, akasoma mahali kwamba sindano huleta wasichana na siku tano huleta wavulana.

Hakuwa ameokota uongo mtupu. Hata daktari wetu aliniambia hesabu huinama kidogo. Kwenye sindano wasichana wanaongezeka kidogo, kwenye siku tano wavulana wanaongezeka kidogo, kwenye watoto mia unazungumzia watatu, wanne, labda watano. Sababu yenyewe bado wanaitafuta. Ila mdomoni mwa Rosella kile kidogo kikawa amri ya Mungu.

Basi Jumanne moja tuko chumba cha chini cha kanisa, wanawake kumi na wawili tukishona mablanketi ya wakimbizi, mama mkwe akaweka uzi chini akasema, "Ile sindano Marlis aliitaka mwenyewe. Hana subira. Angefuata njia ya kawaida na siku zake tano, leo ningekuwa na mjukuu."

Alisema hivyo huku Karis akiwa amelala kwenye kigari miguuni pangu.

Nilirudi nyumbani bila kuaga. Nikamwambia Arlin, mwambie mama yako ukweli. Akatazama supu yake. Akasema itapita. Haikupita. Ilizunguka kijiji kizima mpaka mwenye duka la mbegu akaniuliza kwa utani kama nimeagiza msichana mwingine. Miaka mitatu mume wangu anasikia, anatazama supu. Mwezi wa tatu mwaka huu nikafunga mabegi mawili, nikamchukua mwanangu, nikapanga chumba juu ya duka la maua Altona. Arlin alisimama mlangoni ananitazama napakia gari, na hata pale hakufungua mdomo.

Sasa nina miaka thelathini na tisa na mayai yangu yamekwisha. Kile kilichoko Winnipeg ndicho cha mwisho nitakachowahi kuwa nacho. Nimepewa siku ya kuwekewa, Alhamisi ya wiki ijayo saa mbili asubuhi, na hawatakigusa bila saini ya Arlin kwenye karatasi yao, nayo lazima iwafikie Jumanne. Nilimwandikia mara mbili. Hakujibu.

Kwa hiyo faspa ya mama mkwe niliipokea kwa mikono miwili. Nilipanga hivi: nitamwacha aamini anachoamini. Mwana atasaini mama akiwa anatabasamu. Wino ukishakauka, nitasimama mbele yao wote niwasomee barua ya daktari inayosema sindano ilikuwa ya nani. Barua hiyo niliilalia chini ya mto siku nne. Nilijua hata nitavuta pumzi wapi.

Jumapili nilivaa gauni jekundu. Mama mkwe alishawahi kusema rangi nyekundu ni ya wanawake wenye kitu cha kuuza.

Nilimkuta Arlin uani, anakatakata tikiti maji nyuma ya pikapu. Kombaini ilikuwa imeegeshwa pembeni, maana akina Hiebert Jumapili hawavuni hata mvua ikiwa inakuja. Alikuwa amekonda kweli. Mikono ya shati ameikunja mpaka kwenye viwiko, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, macho yakaenda kwenye ile mikono kabla sijayakataza.

Karis alimkimbilia. Akamrusha juu, akambusu shingoni, akampa kipande cha tikiti, kisha mtoto akatimkia bandani kuona paka waliozaa. Tukabaki wawili.

"Umependeza," alisema.

"Karatasi zangu ulizipata?"

"Nilizipata."

"Na?"

Alifuta kisu kwenye suruali. "Nikisaini, Marlis, unakuwa huna haja na mimi tena. Sasa hivi angalau unaniandikia."

"Hayo ndiyo uliyokuwa unayafikiria? Mimi nahesabu siku, wewe unakalia karatasi ili upate barua?"

"Sikusema ni vizuri. Nimekwambia ilivyo."

Alininyooshea kipande cha tikiti. Nilikipokea, sijui kwa nini, mkono umezoea. Vidole vyetu vikagusana na wote tukajifanya hatukuona.

"Mama anadhani ni mvulana," alisema kwa sauti ya chini. "Amewaita Mama Mdogo Justina na Rosella. Amekaanga rollkuchen tangu asubuhi, mikate hiyo inatosha harusi. Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Sikumwambia kitu."

"Aliuliza, ukanyamaza."

"Nimejifunza kwako."

Ilimwingia. Niliona taya lake linakaza, nikafurahi. Nilikuwa nimesubiri miaka mitatu kumwona akiumwa na neno, hata moja.

"Unajua si kweli," alisema. "Hicho nacho ni cha sindano. Sindano inavuta huku, siku tano zinavuta kule. Daktari alisema ni kama kurusha sarafu."

"Kumbe unakumbuka alichosema daktari. Nilidhani ulisahau yote siku ileile."

"Marlis."

"Nini?"

"Umekuja kufanya nini leo?"

Nilimtazama. Macho yake ni ya kijivu, mazuri, na kwa miaka mingi yaliweza kunisamehesha chochote. "Nimekuja kunywa kahawa na wakwe zangu," nikasema, nikatupa ganda la tikiti ndani ya ndoo, nikaingia ndani.

Meza ilikuwa imejaa. Mikate midogo yenye donge jingine juu kama kichwa, jibini, soseji, matango ya siki, jamu ya rasiberi, na sinia la rollkuchen za moto zilizoumuka kwa mafuta. Baba mkwe, mzee Ike, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, ameweka donge la sukari mdomoni anavutia kahawa. Mama Mdogo Justina, mdogo wake mama mkwe, alinikumbatia kwa bega moja. Rosella alinibusu mashavu yote mawili na kunitazama tumbo.

"Bado, Rosella," nikamwambia. "Mpaka Alhamisi."

"Najua, najua. Lakini moyo unatangulia."

Mama mkwe alinikalisha karibu na Arlin na kunimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yangu. "Ongeza jamu, mwanangu. Unahitaji nguvu. Na hilo gauni limekukaa."

"Asante, Mama. Nilijua utalipenda."

Tuliomba, tukala. Kwa robo saa mazungumzo yalikuwa ya mvua na bei ya kanola, zao lao la mafuta. Halafu mama mkwe akagonga kikombe na kijiko.

"Na jo," alisema, hivyo ndivyo anavyofungua kila hotuba. "Mungu ana wakati wake. Tulijaribu kwa haraka, tukapata tulichopata."

"Karis," nikasema.

"Ndiyo, Karis, mtoto mzuri. Lakini sasa tunafanya inavyotakiwa. Siku tano kamili. Ike, yale maandishi kwenye ghala yamechujuka, mwaka ujao yapakwe rangi."

Mzee Ike alisogeza donge la sukari upande wa pili wa shavu.

"Wenye nguvu ndio wanaofika siku ya tano, Mama Mkubwa," Rosella alisema huku anapaka siagi. "Wavulana wanakua haraka. Maabara wanachagua walio mbele. Ni sayansi."

"Hiyo sayansi mnaifundishwa kwenye kung'oa meno?" Mama Mdogo Justina aliuliza.

"Nasoma, Mama Mdogo. Watu tunasoma."

"Basi mimi nimezaa wavulana wanne na hakuna aliyenihesabia siku."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimeifungua pochi yangu chini ya meza, barua nimeitoa nusu, kidole gumba kiko kwenye ukingo wake. Kwa mkono mwingine niliiweka karatasi ya kliniki mbele ya Arlin, pembeni ya sahani, na kalamu juu yake.

"Kumebaki saini tu," nikasema kwa sauti tamu kuliko jamu.

"Saini basi, mwanangu," mama mkwe alimhimiza. "Mkeo amekuja mwenyewe. Ameelewa kosa lake. Safari hii hakuna mambo ya sindano."

Kosa langu. Alilisema anatabasamu, mkono wake uko juu ya mkono wangu, na wote mezani wakaitikia kwa vichwa kama watu waliokubaliana kunisamehe. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikajiambia, subiri, Marlis. Wino kwanza.

Arlin aliishika kalamu. Aliinamisha macho, mara moja, kwenye mapaja yangu. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mama, hicho nacho ni cha sindano."

"Nini?"

"Vyote viwili. Karis na hiki. Vilitengenezwa siku moja, kwa sindano moja."

"Lakini Rosella anasema siku tano..."

"Rosella hajui. Hakuna anayejua. Anaweza akawa msichana, anaweza akawa mvulana, na hata madaktari wenyewe sheria haiwaruhusu kuchagua." Aliisogeza sahani yake mbele. "Na sindano haikuwa ya Marlis. Ilikuwa yangu."

Rosella aliacha kutafuna.

"Mayai yake hayakuwa na shida. Mbegu zangu ndizo mbovu. Bila sindano nisingepata mtoto yeyote, wa kike wala wa kiume. Marlis alijitwika kwa sababu nilimwomba. Na mimi nikamwacha abebe."

Sijui niwaeleze vipi nilichokisikia. Miaka mitatu nilikuwa nayatafuta maneno hayo, na mwizi ameyachukua mdomoni mwangu mbele ya macho yangu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Barua ilikuwa bado mkononi, imeloa jasho, haina kazi.

"Unasema hivyo kumfurahisha," mama mkwe alisema. "Anakutuma. Kwetu hakuna mwanaume mwenye shida hiyo. Babu yako alikuwa na watoto kumi na mmoja."

"Babu hakuugua matubwitubwi, Mama."

Hapo mkono wa mama mkwe ukatoka juu ya wangu. Nilimwona anarudi nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka kwenye kitanda cha kijana wa miaka kumi na saba, yeye mwenyewe, kama Arlin alivyonisimulia, akimfunga leso ya moto shingoni na kukataa kuita daktari kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara na matubwitubwi ni ugonjwa wa watoto. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Uso ulimlegea, akawa kizee ghafla.

Nitasema kweli. Ilikuwa tamu. Nilikuwa nimeahidiwa na watu wa kanisani kwamba kisasi hakina ladha, nami nawaambia kina ladha, na nilikila chote. Nilimtazama yule mama mpaka akashindwa kunitazama.

"Ule mwaka wa theluji," alinong'ona.

"Ndiyo, Mama."

Mama Mdogo Justina alijifuta mdomo. "Agatha, ulituambia pale kanisani kwamba huyu binti ndiye..."

"Najua nilichosema."

"Ulisema mbele ya watu kumi na wawili. Nilikuwepo. Nilikuamini."

"Nimesema najua, Justina."

Kisha mama mkwe akajikusanya, kama anavyojikusanya siku zote, na akanigeukia. Alikuwa na machozi, lakini swali lililotoka lilikuwa lake yeye hasa.

"Kwa hiyo hako kadogo kanaweza kuwa ka kike?"

"Kanaweza."

"Sasa tunahangaikia nini?"

Hata Rosella aliinama. Arlin alipauka. Na mimi, nilikuwa nimeanza kumwonea huruma yule mama, huruma yenyewe ikanitoka palepale. Nikaisogeza karatasi karibu na Arlin.

"Saini."

Akasaini. Jina lote, polepole, Arlin Isaak Hiebert. Akaniangalia kama anayesubiri nimpe kitu. Sikumpa. Niliivuta karatasi, nikaisoma mpaka chini, halafu nikaipitisha juu ya jibini na soseji mpaka mbele ya mama yake.

"Kuna nafasi ya shahidi," nikasema. "Mtu mzima yeyote isipokuwa mimi."

"Justina atasaini."

"Nakutaka wewe, Mama."

"Marlis, inatosha," Arlin alisema.

"Wewe ulikuwa na miaka mitatu ya kusema inatosha." Sikumtazama. Niliweka kidole kwenye mstari. "Soma hapa kwanza, Mama, usije ukasema hukujua. Inasema wenye kiinitete wanakubali kirudishwe bila kujua jinsia yake, na mtoto atakayezaliwa ni wao. Shahidi anathibitisha. Ukikataa, ni sawa. Nitampa Mama Mdogo Justina. Ila nitakumbuka, na Karis akikua akiniuliza, nitamweleza nani alisaini na nani alikataa."

Aliangalia ile kalamu kama kitu kichafu. Aliangalia mumewe.

Mzee Ike alimeza sukari yake. Katika miaka yangu kumi na mbili ya ukwe sikuwahi kumsikia akimwamuru mkewe kitu.

"Saini, Agatha," alisema.

Alisaini. Ile H ya Hiebert ikatoka imepinda. Nilisubiri wino ukauke. Nikaikunja karatasi, nikaiweka ndani ya pochi juu ya ile barua, nikamshukuru kwa rollkuchen.

Arlin alinifuata mpaka kwenye gari. Karis alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma, amejaa mikwaruzo ya paka. Jua lilikuwa bado kali na vumbi la barabara limesimama hewani. Alishika mlango wangu kabla sijaufunga.

"Nimesema," aliniambia. "Nimesema mbele yao wote, Marlis."

"Nilisikia."

"Basi?"

Alikuwa karibu. Alinukia tikiti na sabuni ileile, na mwili wangu, msaliti mkubwa, ulitaka kuegemea pale kifuani kama zamani. Ningeweza kumaliza hapohapo. Lakini kulikuwa na kitu kimenikwama tangu mezani.

"Uliiona barua. Uliangalia mapajani mwangu, ukaiona nembo ya kliniki, ndipo ukaweka kalamu chini. Nakuuliza kitu kimoja, Arlin, na usinidanganye, maana nitajua. Kama usingeiona, ungesema?"

Nilimwona anautafuta uongo, anaupata, unamfikia mpaka kwenye meno. Ungekuwa uongo mzuri na ningeulalia vizuri. Akaumeza.

"Sijui," alisema.

Neno hilo lilinichoma kuliko yote ya mama yake. Na bado, katika ndoa yetu nzima, lilikuwa neno la kwanza alilonipa bila kujificha nyuma yake.

"Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuwa kliniki," nikamwambia. "Saini yako ninayo, kwa hiyo sikuhitaji tena. Ukija, uje unajua jibu."

Nikauvuta mlango kutoka mkononi mwake, nikawasha gari.